Kifaa Kilisema Kimeamka, Nesi wa Chole Akasema Kimelala

Simu iliita Jumamosi asubuhi, nikiwa uani kwangu Sofu, Kibaha, naanika nguo.

Namba ngeni. Nikapokea kwa sababu nilikuwa namsubiri mtu wa gesi.

"Wewe ndiye Eugenia?" Sauti ya mama mtu mzima.

"Ndiye mimi. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayekagua kazi za wenzio kwenye vile vidude vya friji za chanjo?"

Nikalirudisha shuka kwenye beseni. Kazi yangu hata mama yangu mzazi haielewi. Majirani wanajua nashinda na kompyuta, basi.

"Naongea na nani?"

"Mimi ni Mwanaamina, nesi wa zahanati huku Chole, Kisarawe. Kidude chenu kinasema uongo. Njoo ukione kwa macho yako. Na nakuomba, usimwambie mtu wa ofisini kwenu."

"Mama, namba yangu umepewa na nani?"

Akakata.

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Wakuu, majina yote humu nimeyabadilisha, na Chole ni jina la kata tu, kijiji chenyewe sitakitaja. Yaliyobaki yalitokea kama nitakavyoyasimulia.

Kwanza mjue kazi yangu, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini simu ile ilinikosesha raha.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kampuni ndogo, ofisi yake ipo Mkuza, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa tunatengeneza kifaa kidogo, ukubwa wa nusu kipande cha sabuni ya mche. Kinafungwa kwenye friji ya chanjo. Joto likipanda, kinapiga king'ora na kumtumia nesi ujumbe kwenye simu.

Kifaa kinatumia betri. Ili betri idumu, muda mwingi kinalala. Joto likivuka mstari, kinaamshwa.

Kinachokilaza na kukiamsha ni kerneli, ile programu ya chini kabisa inayoongoza vyuma vyote vilivyomo ndani. Na ndani ya kerneli tulikuwa na kipande cha kodi cha kupima kifaa kinachukua muda gani kuamka. Kodi ya kompyuta, siyo ile ya mwenye nyumba.

Aliyeandika kipande hicho ni jamaa anaitwa Zubeir. Kijana mkimya, anayekaa Mkuza hapohapo, mtu wa kuvaa kanzu Ijumaa na raba siku nyingine zote.

Mkaguzi nilikuwa mimi. Mkaguzi wa kodi analipwa kwa kushuku. Mwenzako anakuletea kazi, wewe unaisoma mstari kwa mstari huku unajiuliza ameficha nini, hata kama hajaficha kitu.

Bosi wetu alikuwa Onesmo.

Huyu niwaambie ukweli, nilimheshimu kama kaka wa kuzaliwa naye. Alinipa kazi nikiwa na tumbo kubwa, wakati waajiri wengine walikuwa wanaliangalia tumbo kabla ya vyeti. Mke wake, Efrazia, ndiye mama wa ubatizo wa mwanangu. Tulikuwa jumuiya moja, tunasali nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo Jumatatu aliponiita chumbani kwake na kufunga mlango, sikuwa na wasiwasi naye hata kidogo.

"Kuna zahanati moja huko Kisarawe friji ilizima," akasema. "Chanjo zote zimeharibika. Nesi anadai king'ora hakikulia mpaka mambo yameshaharibika."

"Zahanati ya wapi?"

"Chole."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Kumbukumbu za kifaa zinaonyesha kiliamka papo hapo na kikapiga king'ora," akaendelea. "Huyo mama alikuwa kalala, au katoka. Wakubwa wake wanataka tamko la kitaalamu kutoka kwetu. Wewe ndiye mkaguzi. Utasaini kwamba kipimo ni sahihi."

"Nisome kodi kwanza."

Akacheka. "Eugenia, umeisoma mara ngapi hiyo?"

"Toleo linalotumika sasa sikulisoma kaka. Lilipita nikiwa Bukoba kwenye msiba wa baba."

Akaangalia dirishani kidogo. "Sawa. Soma. Lakini usikawie, huyo mama kesi yake inasikilizwa wiki hii."

"Akikutwa na kosa?"

"Ataondolewa kazini. Ndiyo utaratibu."

Nikatoka. Sikumwambia kuhusu ile simu. Sijui kwa nini. Kuna wakati mdomo unajua kabla ya kichwa.

Nikafungua kompyuta.

Cha kwanza kilichonigusa ni namba zenyewe. Toleo la zamani lilikuwa na namba zenye sura ya kweli: leo kifaa kimeamka haraka, kesho kimesuasua, siku nyingine kimechelewa sana. Toleo jipya namba zote zilikuwa safi, zimenyooka, kama meno ya kwenye tangazo la dawa ya mswaki.

Namba za namna hiyo mimi siziamini.

Nikashuka kwenye kodi. Nikasoma. Nikakuta mstari mmoja umebadilishwa.

Ngoja niwaeleze kirahisi. Ndani ya kerneli kuna saa zaidi ya moja. Ipo saa inayoendelea kuhesabu hata kifaa kikiwa kimelala. Ipo nyingine ambayo kifaa kikilala nayo inasimama, kikiamka inaendelea pale ilipoachia. Kila moja ina matumizi yake halali.

Lakini ukitaka kujua mlinzi alichelewa kiasi gani kuamka, huwezi kutumia saa inayolala naye kitanda kimoja.

Toleo la kwanza lilipima kwa saa isiyolala. Toleo jipya lilipima kwa saa inayolala. Mstari mmoja tu. Na pembeni yake, jina la aliyeubadilisha: Zubeir.

Nikageuza shingo taratibu kumwangalia.

Alikuwa ananiangalia.

Akashusha macho, akafunga kompyuta yake.

"Umeshafika kwenye kipimo?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama umeshakunywa chai.

"Bado," nikamdanganya.

"Ukifika, kisome vizuri, dada."

Hapo nikajisemea, huyu jamaa ananichimba.

Mchana nikaenda kwenye rafu ya vifaa vya majaribio. Kimoja hakipo. Nikajaribu vilivyobaki palepale ofisini: nikavipoza, nikavipasha joto, nikasikiliza. Vyote viliamka chap. King'ora kikalia mpaka fundi wa duka la chini akapanda kuuliza kama kuna moto.

Sasa kama kifaa kinaamka chap, kwa nini mtu abadilishe saa? Mtu haazimi koti la kuficha tumbo kama tumbo hana.

Kesho yake Zubeir hakuja kazini. Alituma ujumbe: anaumwa, yuko nyumbani kapumzika.

Jioni nikanunua machungwa, nikaenda kwake. Sitawadanganya wakuu, sikwenda kumwona mgonjwa. Nilikwenda kumchungulia.

Mlango umefungwa kwa kufuli nje. Mama mwenye nyumba, Mama Hajira, alikuwa anachambua mchele barazani.

"Shikamoo mama. Zubeir yupo?"

"Marahaba. Hayupo, katoka asubuhi na begi lake. Kasema anakwenda Kisarawe."

"Kisarawe kufanya nini?"

"Ndiko kwao huko, mwanangu. Hujui?"

Sikujua. Tumefanya kazi pamoja miaka, nilikuwa nadhani ni mtu wa Tanga. Nikamwachia Mama Hajira yale machungwa.

Njiani kichwa kilikuwa kinapiga hesabu zenyewe. Kodi imebadilishwa kwa jina lake. Kifaa kimetoweka. Anajifanya mgonjwa. Kaenda Kisarawe, na nesi anayelalamika yuko Kisarawe, na kesi yake ni wiki hii.

Huyu kaenda kukichezea kile kifaa cha zahanati kabla mtu hajakikagua. Sikuona jibu jingine.

Nikampigia Onesmo.

"Kaka, nimesoma kodi. Kuna kitu hakiko sawa kwenye sehemu ya Zubeir, na yeye mwenyewe haeleweki. Kadanganya anaumwa, kumbe kaenda Kisarawe."

"Zubeir niachie mimi," akasema. "Na hayo mambo ya saa usiyakuze. Ni kitu kidogo, tutarekebisha toleo lijalo. Wewe saini tu kesho, tuimalize."

"Nilikuwa nafikiria nifike Chole mwenyewe."

"Usiende."

Alivyolitamka, halikuwa ombi.

"Huko ni mbali, mvua imeharibu barabara, na wewe una mtoto mdogo," akaongeza, sasa sauti imelainika. "Saini, Eugenia. Umeniamini miaka yote hii."

Nikasema sawa kaka. Nikakata.

Asubuhi nikamwacha mtoto kwa jirani, nikapita ofisini kabla mtu hajafika, nikachukua kifaa kimoja kwenye rafu. Nikakiwekea toleo lilelile linalotumika, nikakifunga kwa utepe wa gundi, nikasaini juu ya utepe. Nikaondoka nacho.

Chole si karibu. Ukishaiacha Kisarawe mjini unapita Maneromango, unaendelea, na bodaboda niliyempata alisimama mara mbili kutoa udongo uliokaba gurudumu. Pande zote mikorosho na viroba vya mkaa vinavyosubiri magari. Simu yangu ilikuwa inashika mtandao, inaachia, inashika, kama mgonjwa wa kifafa.

Zahanati ni jengo dogo lenye baraza. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi na watoto wao, wanasubiri mizani.

Na mwisho wa benchi, mzima wa afya, kashika kikombe cha chai, alikuwa amekaa Zubeir.

Pembeni yake, kile kifaa kilichopotea kwenye rafu.

Niliona giza la hasira.

"Mgonjwa umepona," nikamwambia.

Hakuinuka. "Karibu, dada Eugenia."

"Usinikaribishe. Umebadilisha saa, namba zikawa nzuri, mama wa watu anafukuzwa kazi, na wewe umekuja huku kukichezea kifaa ili ushahidi upotee. Nimekosea wapi?"

Kina mama wote wakanyamaza. Mtoto mmoja alikuwa analia kwenye mizani, naye akaacha.

Ndani akatoka mama mnene wa makamo, gauni jeupe la unesi, ushungi wa bluu. Akaniangalia kuanzia viatu vyenye tope mpaka usoni.

"Wewe ndiye Eugenia," akasema. "Mimi Mwanaamina. Mbona unamfokea mwanangu?"

"Mwanao?"

"Mama yake ni mdogo wangu, Mungu amrehemu. Mimi ndiye niliyemlea huyu, hapahapa."

Kumbe namba yangu ilitoka kwa Zubeir.

Lakini wakuu, shaka yangu haikuisha. Ilihamia upande wa pili tu. Kumbe huyu ana sababu ya kumwokoa mama yake mkubwa. Kumbe sasa anaweza kukichezea kifaa ili kionekane kibovu.

Nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya watu.

Zubeir akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Ndiyo maana tulikupigia wewe."

"Una maana gani?"

"Ningesimama mimi kusema kipimo kina uongo, swali la kwanza lingekuwa: huyu nesi ni nani yako? Na jina lililoandikwa kwenye ule mstari ni langu. Nani angenisikiliza? Nilihitaji mtu asiyeniamini. Pima mwenyewe, dada. Mimi sitagusa kitu."

Akainuka, akaenda kukaa chini ya kivuli cha jengo, mbali, mikono ameiweka juu ya magoti ambapo naiona.

Nikakataa kifaa chake. Nikatoa changu, chenye saini yangu juu ya utepe. Nikakifungua. Nikakiacha kilale ndani ya kiboksi cha barafu cha zahanati. Kisha nikakiweka juani kwenye ukingo wa baraza, nikawasha saa ya simu yangu.

Mkuza, kifaa hichohicho kingelia kabla sijashusha mkono.

Hapa kimya.

Mwanaamina akarudi kwenye mizani yake. Akapima mtoto wa kwanza, akamwambia mama yake aongeze mboga za majani. Akapima mwingine. Kimya.

Nikaletewa chai. Nikainywa, ikaisha. Kimya.

Mama mmoja akaniuliza, "Kwani inatakiwa ifanye nini hiyo?"

"Ipige kelele."

"Basi leo imekasirika."

Benchi likabaki tupu, adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa kutoka msikiti wa jirani, Mwanaamina akaenda kuswali na kurudi. Mimi bado nimekaa, macho kwenye kile kidude.

Ndipo king'ora kikalia.

Nikazima saa ya simu. Nikaunganisha kompyuta. Nikafungua kumbukumbu ya kifaa nisome chenyewe kinasemaje.

Kilisema kimeamka papo hapo.

Nikasoma tena. Papo hapo.

"Ni redio ya simu, kile kipande cha kutafuta mtandao," Zubeir akasema kutoka kule kivulini. "Huku mtandao ni wa kuokoteza. Kinafumbua jicho, kinaiita redio, redio inagoma, kinarudi kulala kisimalize betri. Baadaye kinajaribu tena. King'ora nacho kinaisubiri redio. Kibaha mtandao umejaa ndiyo maana hamuoni tatizo. Na ile saa inahesabu yale mafumbuo ya jicho tu. Usingizi wote wa katikati haiuhesabu."

"Nani aliyebadilisha saa?"

"Sijui. Mimi sikubadilisha. Jina la mwandishi mtu anaweza kuandika lolote, unalijua hilo. Wenye ruhusa ya kuingiza kodi ni watatu. Mimi, wewe na Onesmo." Akanitazama. "Kusema kweli nilidhani ni wewe. Mama mkubwa ndiye aliyekataa. Akasema kama ni yeye, mwite aje, utamwona usoni."

Mwanaamina akaniangalia bila aibu yoyote. "Mtu mwenye hatia hawezi kuikalia chai moja mpaka adhuhuri."

Watatu. Ukitoa mimi, ukitoa yeye.

Nikamkumbuka Onesmo kwenye simu. *Hayo mambo ya saa usiyakuze.*

Mimi nilimwambia kuna kitu hakiko sawa. Neno saa sikulitamka. Nilikuwa sijalitamka kwa mtu yeyote.

Nikaifunga kompyuta.

"Mama," nikamuuliza Mwanaamina, "ulijuaje kwamba chanjo zimeharibika?"

Akanionyesha kichupa. Kina kiduara kidogo kwenye lebo ambacho chanjo ikipata joto kinabadilika rangi. "Niliviona vimebadilika. Nikazitenga, nikapiga simu kwa wakubwa kutoa taarifa."

"Ulijitolea taarifa mwenyewe?"

"Sasa mwanangu, ningewachoma watoto maji?"

Yule mama alikuwa anafukuzwa kazi kwa sababu alisema ukweli. Angenyamaza, asingejulikana. Na vifaa vyetu vilikuwa vimefungwa kwenye zahanati nyingi, vingine sehemu zenye mtandao mbovu kuliko Chole. Kote huko kumbukumbu zetu zinasema kila kitu shwari.

Nilirudi Kibaha na Zubeir siku hiyohiyo. Tukapanda ngazi za ofisi pamoja. Onesmo alituona tukiingia wawili na nadhani alielewa palepale, maana alikaa.

"Nimepima Chole," nikasema.

"Nilikwambia usiende."

"Kaka, ulijuaje ni saa?"

Nilitegemea atakana. Nilikuwa nimejipanga kubishana. Hakukana.

"Wanunuzi wa vifaa waliweka kikomo cha kuchelewa," akasema, anaongea na meza. "Vifaa vyetu vya vijijini vilikuwa vinapita hicho kikomo. Bila ule mkataba tungefunga, nyote mngeondoka. Nilisema nabadilisha kipimo kwanza, tatizo lenyewe tunalirekebisha taratibu. Kisha kazi zikawa nyingi."

"Ukaweka jina langu," Zubeir akasema.

"Wewe ndiye ulikuwa unaandika hiyo sehemu. Isingeshangaza."

Zubeir akaenda kusimama mlangoni, ametupa mgongo.

"Na mimi ukataka nisaini," nikasema.

"Nilikupa kazi ukiwa huna pa kwenda, Eugenia."

Hapo ndipo paliniuma. Siyo kwa sababu ilikuwa uongo. Ilikuwa kweli kabisa, na alikuwa ameitunza miaka yote kwa ajili ya siku kama hiyo.

"Nakushukuru," nikamwambia. "Lakini sisaini."

Nikaandika tamko jingine. Zubeir akaweka jina lake chini ya langu, na safari hii kwa mkono wake. Tukalipeleka kwa wakubwa wa Mwanaamina, pamoja na kifaa, wakapime wenyewe. Wakapima. Kesi ikafutwa. Kisha tukawatumia ujumbe wahudumu wa zahanati zote zenye kifaa chetu: msikiamini, kagueni chanjo kwa macho.

Kampuni haikuchukua muda, ikafungwa. Onesmo anajibu mashtaka ya wanunuzi. Efrazia kwenye jumuiya ananiruka kunipa mkono wa amani, na mwanangu bado anamwita mama. Hayo ni makovu yangu, sitaki pole.

Ningeishia hapa, ingekuwa simulizi ya kawaida: mwovu kajulikana, mwema kaokoka. Lakini kati ya majibu tuliyopokea, kuna moja lilitoka zahanati nyingine ya huko huko Kisarawe.

"Nesi wetu aliondolewa mwaka jana kwa kosa kama hilo. Kifaa kilionyesha kiliamka, yeye hakutokea."

Anaitwa Faudhia. Hakuna aliyemtafuta wakati ule. Hakukata rufaa, hakulalamika, alikusanya vitu vyake akaondoka.

Tulimpata mimi na Zubeir. Anashona nguo kwenye kibanda, Kisarawe mjini. Dada wa umri wangu, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Tukajitambulisha. Nikamweleza yote, saa inayolala na saa isiyolala, mtandao, kile kipimo. Muda wote aliendelea kushona.

Nilipomaliza, akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Kwa hiyo sikulala," akasema.

"Hukulala. King'ora hakikulia."

"Mimi nilikuwa macho siku ile. Nilikuwa nimekaa palepale, nakumbuka mpaka nilichokuwa nakula. Nikawaambia. Wakanionyesha kumbukumbu ya mashine. Nikasema labda. Nikaenda nyumbani, nikaendelea kusema labda." Akafuta uso kwa kipande cha kitambaa. "Mwisho nikaamini. Mume wangu akiniuliza namjibu, nililala. Mpaka leo naweka simu tatu za kuniamsha, kwa sababu najua mimi ni mtu wa kulala."

Zubeir alitoka nje.

Sasa hivi Faudhia ameomba arudishwe kazini, na tamko letu limeambatanishwa. Bado anasubiri. Mimi na Zubeir tumepata kazi sehemu nyingine, bado naikagua kodi yake, na bado simwamini hata mstari mmoja. Mwenyewe anasema siku nikimwamini atahama kazi.

Mliofika mpaka hapa, hili ndilo nililobaki nalo. Kumshuku mtu si dhambi, mimi nakula kwa kushuku. Ila ukishamshuku, inuka uende ukapime, tena ukiwa tayari kukuta umekosea. Nilimshuku Zubeir, nikaenda, nikakuta sivyo. Faudhia alishukiwa na watu waliobaki wamekaa vitini, na kilichowatosha ni namba.

Na kama wewe ni mtu uliyeambiwa ulifanya jambo ambalo moyoni unajua hukulifanya, na ushahidi wao ni mashine tu, usiharakishe kusema labda. Waulize wamepima kwa saa gani.